Bunduki nyepesi ya bolti kwa wanyama waharibifu: nichukue kaliba gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi karakanani, na mara nyingi muulizaji huwa ameshaamua kabla hajafika. Anataka .22-250 Remington, kwa sababu amesikia kwamba ndiyo inayokimbia. Mimi humuuliza mambo mawili kwanza: kwa saa moja utafyatua mara ngapi, na bunduki yenyewe ina kilo ngapi pamoja na darubini? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua kaliba. Mbio za risasi zinakuja baadaye sana.

Ninafanya kazi ya ufundi bunduki kwenye nyanda za kati za Marekani, na huku wanyama waharibifu wanawindwa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni kindi wa ardhini (prairie dog) kwenye malisho ya ng'ombe: Dakota Kusini, Wyoming, Montana. Wanaishi kwa makundi makubwa, wanachimba mashimo kila mahali na kula majani hadi ardhi inabaki wazi. Kindi mmoja ana uzito wa kilo moja hivi, na akisimama wima upana wake haufiki sentimita 10. Mpigaji hutulia sehemu moja, bunduki imekaa juu ya mfuko wa mchanga, na anaweza kufyatua makumi ya risasi asubuhi moja. Namna ya pili ni koyote, mnyama wa jamii ya mbwa. Huyu ana kilo 9 hadi 20, unamfuata kwa miguu mwendo mrefu, unamwita kwa filimbi, na akija unapata nafasi ya risasi moja, ukibahatika mbili.

Kwa koyote, bunduki nyepesi yenye kaliba kali haina ubaya. Mtutu ni wa baridi, unafyatua mara moja, kazi imekwisha. Shida inaanza pale mtu anaponunua bunduki ya kilo 3 yenye mtutu mwembamba kwa ajili ya koyote, kisha Julai anaipeleka kwenye mashimo ya kindi.

Mtutu mwembamba unashika joto upesi mno. Risasi ya .22 Hornet inabeba takriban greni 12 za baruti (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa baruti na vichwa vya risasi), .223 Remington takriban 25, na .22-250 inapita 35. Baruti yote hiyo inaungulia ndani ya tundu la milimita 5.7. Baada ya risasi tano sita za haraka za .22-250, mtutu mwembamba haushikiki kwa mkono. Hewa moto inayopanda kutoka kwenye chuma inacheza mbele ya darubini na kumfanya mnyama aonekane anaelea, na risasi zinaanza kutua pembeni ya pale ulipozoea. Uharibifu wenyewe hauonekani kwa nje. Nikipitisha kamera ndogo kwenye koo la mtutu, yaani pale mbele ya chemba (sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) ambapo michirizi inaanzia, naona chuma kimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Mtutu wa .223 unaotunzwa huchukua muda mrefu sana kufika hapo. Wa .22-250 uliopigwa ukiwa moto hufika mapema, na ukishafika hakuna usafishaji utakaourudisha.

Jambo la pili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: je, utaiona risasi yako ikitua? Mpigaji wa kindi aliye peke yake hana mtu wa kumwambia "umepiga kushoto kidogo". Vumbi analoliona kwenye darubini ndilo mwalimu wake. Bunduki ikiruka, darubini inahama, na kufikia inaporudi vumbi limeshapeperuka. Bunduki ya kilo 3 ikipiga .223 yenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greni 55, nishati ya teke lake ni takriban juli 6. Bunduki hiyohiyo ikiwa ya .22-250, teke linafika juli 9, na kwa .243 Winchester linakaribia 12. Bega la mtu mzima halitaumia kwa lolote kati ya hayo, lakini jicho litapoteza shabaha. Sasa weka .22-250 kwenye bunduki nzito ya kilo 4 na nusu: teke linarudi kwenye juli 6 zilezile za .223 nyepesi. Ndiyo maana wazee wa kazi hii walizipa kaliba hizi mitutu minene. Uzito ule una kazi yake, na ukiuondoa lazima upunguze na baruti.

Kwa hiyo, kwa bunduki nyepesi itakayofanya kazi zote mbili, jibu langu ni .223 Remington. Inatoa kichwa cha greni 55 kwa mita 988 kwa sekunde. Ukilinganisha na .22-250 inayotoa kichwa hichohicho kwa mita 1,122, tofauti ya kushuka kwa risasi kwenye mita 274, bunduki zote zikiwa zimelengeshwa mita 183, ni sentimita chache tu. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma .223 takriban sentimita 27 kwa umbali huo, na .22-250 takriban 23. Sentimita nne hizo ndizo watu wanazozilipia kwa mtutu uliochakaa na teke linaloficha shabaha. Mimi sioni kama ni biashara nzuri kwa bunduki ya kubebwa begani.

Kuna faida nyingine ya .223 inayosahaulika: ganda lake ni dogo. Kitako chake kina kipenyo cha milimita 9.6, wakati .22-250 na .243 zina milimita 12. Kiwanda kinaweza kutengeneza bolti (komeo linalofunga chemba) na mwili wa bunduki mdogo kabisa unaolingana na ganda hilo, kama walivyofanya CZ kwenye 527 na Howa kwenye modeli yao ndogo. Hapo wepesi unatokana na umbo lenyewe la bunduki, na hukuhitaji kuukonda mtutu kupita kiasi ili kupunguza gramu. Mtu anayetaka wepesi wa kweli aanzie hapo.

Mpinzani wa haki wa .223 ni .204 Ruger, iliyotolewa mwaka 2004 na Ruger kwa kushirikiana na watengenezaji wa risasi Hornady, ganda lake likiwa limetokana na .222 Remington Magnum. Kichwa cha greni 40 kinatoka kwa mita 1,189 kwa sekunde, na upepo uleule wa kilomita 16 unakisukuma takriban sentimita 20 tu kwenye mita 274. Yaani inaishinda hata .22-250 kwenye upepo, huku teke lake likiwa dogo kuliko la .223. Kama kazi yako ni kindi peke yake, ichukue bila wasiwasi. Ninachokiona ni kwamba katika maduka ya miji midogo .223 haikosekani na .204 unaweza kuikosa, tena kwa bei ya juu zaidi. Na kwa koyote mkubwa aliye mbali napendelea kichwa kizito kidogo.

.22 Hornet naipenda kwa moyo wote, ila iwekwe mahali pake. Ni ya tangu mwaka 1930, ina sauti ya upole na teke lisilohisika, na shambani karibu na nyumba za watu hakuna inayoifikia kwa ustaarabu. Lakini kichwa chake cha greni 35 ni kifupi na butu mbele ya hewa. Upepo nilioutaja hapo juu unakisukuma takriban sentimita 33 kwenye mita 183 tu, zaidi ya .223 inavyosukumwa kwenye mita 274. Mpaka mita 150 ni bunduki tamu. Kupita hapo unabahatisha, na mnyama hastahili kubahatishiwa.

Kaliba za .17 nazipitia haraka. .17 Remington ya 1971 ina mbio za ajabu, lakini tundu lake dogo linataka ufito wake maalumu wa kusafishia na usafi wa mara kwa mara. .17 HMR ya 2002, ile ambayo pini hupiga ukingo wa kitako cha ganda badala ya katikati, ni nzuri kwa shamba dogo siku isiyo na upepo. .243 Winchester ni kaliba bora sana, nami ningeichagua kama bunduki hiyohiyo itawinda na swala pia, ila kwa kindi kwenye bunduki nyepesi ni nguvu ya kupita kiasi.

Ukishachagua .223, usitoke dukani kabla ya kuuliza mzunguko wa michirizi ya mtutu. Michirizi ndiyo inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani, na namba yake ni urefu wa mtutu unaohitajika kukamilisha mzunguko mmoja. Mitutu mingi ya zamani ya .223 ni ya inchi 12. Ya sasa mingi ni ya 9, 8 au 7. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka, yaani namba ndogo. Anayelipuuza hili akumbuke yaliyoikuta .244 Remington. Ilitoka mwaka 1955, mwaka mmoja na .243 Winchester, na ganda lake halikuwa na kasoro yoyote. Lakini Remington waliipa mtutu wa mzunguko wa inchi 12, wakiifikiria kwa vichwa vyepesi vya wanyama wadogo. Wawindaji walitaka vya greni 100 pia, kwa ajili ya swala, na .243 ya inchi 10 iliwapa. Mwaka 1963 Remington waliitoa upya kwa jina la 6mm Remington na mtutu wa inchi 9, lakini soko lilikuwa limeshahama. Kaliba nzima ilirudishwa nyuma na michirizi.

Leo jambo hilo lina uzito zaidi kwa sababu ya vichwa visivyo na risasi nyeusi, ile metali ya sumu (lead). California imekataza risasi za metali hiyo kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, na hata pasipo na katazo, tai na mwewe wanaokula mizoga ya kindi wanadhurika na vipande vinavyobaki ndani yake. Shaba ni nyepesi kuliko risasi nyeusi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule ni kirefu zaidi. Mtutu wa inchi 8 au 9 unakupa nafasi ya kuvitumia. Mimi ningechukua 8.

Tahadhari moja ya chemba. Risasi ya kijeshi ya 5.56 inafanana na .223 kwa umbo, na itaingia. Lakini koo la chemba ya .223 linaweza kuwa fupi zaidi, na presha ikapanda kupita ilivyokusudiwa. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye mtutu. Kama yanasema .223 Rem, nunua boksi lililoandikwa hivyo.

Na kabla ya kusafiri, angalia sheria ya eneo. Bonde la Conata huko Dakota Kusini, kwa mfano, kindi hawapigwi, kwa sababu ndiyo makazi na chakula cha kicheche wa miguu myeusi, mnyama aliyedhaniwa ametoweka kabisa mpaka alipoonekana tena Wyoming mwaka 1981. Wasomaji wangu wa Kenya wanajua kwamba kwao uwindaji wa burudani umefungwa tangu 1977, kwa hiyo haya niliyoyaeleza ni ya huku.

Kama umeshanunua .22-250 nyepesi, usikimbilie kuiuza. Ifanye bunduki ya koyote. Ukiipeleka kwa kindi, piga risasi tatu, fungua bolti, iache wazi na usimamishe mtutu ili hewa ipite, na usianze tena mpaka uweze kuukamata mtutu kwa kiganja bila kuuachia.