Kokteli ya Nyumbani: Ndimu, Shira, Barafu na Kipimo

Anayetaka kujifunza kuchanganya kokteli nyumbani mara nyingi huanzia dukani. Hununua sheka ya chuma (chombo cha kutikisia vinywaji), kijiko kirefu chenye mpini wa kusokotwa na chupa za kila rangi, kisha vyote hubaki kabatini kwa sababu hakuna aliyemwonyesha pa kuanzia. Katika idara yetu ya sayansi ya chakula tunalifundisha somo hili kwa watu wazima wasio na uzoefu wowote wa baa, na mezani tunaweka vitu vitatu tu: ndimu, sukari na barafu. Pombe huja baadaye. Kwa asiyekunywa haiji kabisa, na somo lake halipungui chochote, maana ladha na ubaridi hufuata kanuni zilezile.

Jaribio la kwanza ni la ulimi. Tengeneza shira kwa kukoroga kikombe kimoja cha sukari ndani ya kikombe kimoja cha maji ya moto mpaka iyeyuke yote, kisha iache ipoe. (Sukari kavu haifai hapa, kwenye kinywaji baridi hutulia chini ya glasi.) Kamua ndimu sasa hivi, pima mililita 30, zichanganye na mililita 60 za chai nzito iliyopoa. Onja. Utakunja uso. Ongeza shira kijiko kimoja cha chai, koroga, onja tena, kisha ongeza kingine. Kwa wengi, kati ya kijiko cha nne na cha sita ladha hugeuka: uchachu bado upo lakini haukeri tena, na chai ambayo mwanzoni haikusikika inajitokeza. Endelea kuongeza na kila kitu kitazama kwenye utamu. Andika idadi ya vijiko iliyokupendeza. Watu wawili wanaoketi meza moja hawatapata idadi moja, na hakuna aliyekosea. Mimi ningependa kila anayejifunza aanze hapa, kwa sababu akishaonja mgeuko huo mwenyewe haogopi tena kurekebisha kinywaji cha mtu mwingine.

Sasa toa chai, weka pombe kali. Sehemu mbili za pombe, sehemu moja ya ndimu au limau, sehemu moja ya shira au pungufu kidogo. Ukitumia ramu na ndimu umepata Daiquiri. Ukitumia wiski na limau, hiyo ni Whiskey Sour. Weka tekila na ndimu, na badala ya shira tia kileo kitamu cha machungwa, ndiyo Margarita. Badilisha tekila kwa brandi na ndimu kwa limau, kinywaji kinaitwa Sidecar. Majina yanatisha kwenye orodha ya vinywaji, lakini aliyeelewa uwiano huu hana haja ya kukariri. Punje chache za chumvi nazo husaidia, hata pasipo kuipaka kwenye ukingo wa glasi, kwa kuwa chumvi hupunguza uchungu ambao ulimi unausikia.

Barafu ndiyo inayodharauliwa zaidi, na ndiyo ningeizungumzia siku nzima. Watu huiona kama kitu cha kupoza tu na husikitika inapoyeyuka, wakidhani kinywaji kinaharibika. Ukweli ni kwamba bila kuyeyuka hakuna ubaridi wa maana. Gramu moja ya barafu huhitaji takriban jouli 334 za joto ili igeuke maji, ilhali gramu moja ya maji huhitaji jouli 4.2 tu kupanda nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kupoza hufanyika wakati barafu inayeyuka, na joto hilo linatoka kwenye kinywaji chako. Tena, kwa kuwa kileo hushusha kiwango cha kuganda, mchanganyiko unaweza kushuka chini ya sifuri bila kuwa barafu. Kokteli iliyotikiswa sawasawa huwa baridi kuliko barafu inayoyeyuka kwenye maji matupu.

Maji hayo yanayoingia ni kiungo kamili. Mwezi wa Mei 1806, gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York nchini Marekani, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni nini: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Maji yametajwa waziwazi. Katika kinywaji kilichotikiswa, kati ya robo na theluthi ya kilichomo glasini kwa kawaida ni maji yaliyotoka kwenye barafu. Ukitaka kuamini, changanya vipimo vilevile mara mbili, kimoja ukitikise kwa sekunde tatu na kingine kwa sekunde 15, kisha uonje. Cha kwanza kitakuwa kizito na kikali kooni. Cha pili kitafunguka. Jaza barafu nyingi, vipande vikubwa, visivyo na maji juu yake. Barafu kidogo iliyokwisha kulowa huleta maji kabla ya ubaridi.

Sheka si lazima. Mtungi wa kioo kinene wenye mfuniko wa kuzungusha unatosha, pamoja na chujio la chai. Kanuni ya mkono ni fupi: penye maji ya matunda, maziwa au yai, tikisa, penye vileo vitupu, kama jini na vermuti (mvinyo uliotiwa mitishamba), koroga kwa nusu dakika. Kinywaji chenye gesi hakitikiswi kamwe, kimimine mwishoni. Na vermuti ni mvinyo, hivyo ikishafunguliwa ikae kwenye jokofu.

Yapo mambo ya usalama ambayo mapishi mengi huyaruka. La kwanza ni balungi. Mwaka 1989 watafiti nchini Kanada walikuwa wakichunguza jinsi kileo kinavyoathiri dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini, na wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya kileo. Kiasi cha dawa kwenye damu ya washiriki kilionekana kupanda kuliko walivyotarajia, na hatimaye ikabainika kwamba balungi lenyewe ndilo lililosababisha: huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja dawa nyingi. Baadhi ya dawa za kushusha lehemu (kolesteroli) nazo zimo kwenye kundi hilo. Mgeni wako akiwa anatumia dawa yoyote, mpe kinywaji kisicho na balungi mpaka amwulize mfamasia, na akumbuke kuuliza kuhusu kileo pia.

La pili ni ndimu juani. Maji yake yana kemikali ambazo, zikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi, huunguza. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili na alama nyeusi hukaa kwa wiki kadhaa. Unayekamulia wageni nje mchana, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuendelea. Ute wa yai mbichi hutoa povu zuri, lakini pombe iliyomo kwenye glasi haitoshi kuua vijidudu papo hapo. Maji ya dengu zilizochemshwa hutoa povu lenye kukaribiana nalo bila hatari hiyo. Vikombe vya shaba vinavyotumika kwa vinywaji vya ndimu viwe na utando wa chuma kingine kwa ndani, kwani asidi huyeyusha shaba. Na pombe ambayo hujui ilikotengenezwa usiiguse. Methanoli haitambuliki kwa kuonja, kiasi kidogo hupofusha au huua, na hakuna ndimu wala sukari itakayoiondoa.

Kipimo ninakisisitiza kwa sababu mbili, na ladha ni moja tu kati yake. Mililita 60 za pombe yenye asilimia 40 zina mililita 24 za kileo halisi, yaani kama gramu 19. Marekani huhesabu kinywaji kimoja cha kawaida kuwa gramu 14. Uingereza huhesabu yuniti moja kuwa gramu 8. Glasi moja ndogo iliyopendeza tayari imepita hesabu zote mbili, na ubaridi pamoja na utamu hukuzuia kuhisi hivyo. Anayemimina kwa macho hajui amempa mgeni nini. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na mimi huwaambia wanafunzi jambo hilo mwanzoni kabisa, tukiwa bado tunacheka. Mjamzito na anayeendesha wapewe glasi isiyo na kileo, iliyotengenezwa kwa uangalifu uleule.

Ukiwa na wageni wanane, usihangaike kutikisa glasi moja moja. Kwenye jagi weka mililita 360 za pombe, yaani 45 kwa kila mtu badala ya 60, kisha mililita 200 za ndimu, 180 za shira, na mililita 250 za maji baridi kuziba nafasi ya barafu ambayo hutaitikisa. Weka kwenye jokofu kwa muda wa saa mbili. Jagi la pili litengeneze kwa vipimo hivyohivyo, chai nzito ikichukua nafasi ya pombe, na ulibandike karatasi yenye maandishi makubwa ili mtu asikosee. Ndimu ikamuliwe siku hiyohiyo, onja majagi yote mawili kabla ya kumimina, na uwe na shira kidogo pembeni kwa atakayeona bado ni chachu.