Je, wajua kwa nini sabuni inayokubali kwenye ndoo hugoma kwenye tangi?

Huku Mombasa mtaa gani hauna mtu anayetengeneza sabuni ya maji? Kisauni, Likoni, Changamwe, Bombolulu, kote wako, wajaza kwenye chupa za lita tano na kuuza nyumba kwa nyumba, na wengi wao kazi yao waijua vizuri sana. Shida huanza biashara ikikua. Mtu ana kipimo chake cha ndoo ya lita 20, miaka yote hakijamwangusha, sasa kapata oda ya hoteli, kanunua tangi la lita 1,000, kila kitu kakizidisha mara hamsini, na sabuni yatoka maji maji, au tangi lachemka mpaka halishikiki. Vitu ni vile vile na mkorogaji ni yule yule. Kumetokea nini hapo?

Kwanza ni joto. Sulfoniki, ile asidi nzito ya kutengenezea sabuni, ikikutana na kostiki soda, ile magadi kali, joto hupanda, na kwenye ndoo hulioni sana manake lapita kwenye kuta za ndoo na kupotelea hewani. Sasa fikiria sanduku lenye pande za sentimita 10, hilo laingia lita 1. Fikiria jingine lenye pande za mita 10, hilo laingia lita milioni 1. Kilichomo ndani kimeongezeka mara milioni moja lakini kuta zimeongezeka mara 10,000 tu, yaani kila kipande cha ukuta chatakiwa kitoe joto mara 100 ya lile la mwanzo, na hakiwezi. Ndo maana tangi la kiwandani huvishwa koti la maji baridi kwa nje, na kostiki huingizwa pole pole huku mtu yuwatazama kipimajoto.

Pili ni chumvi. Kila mtengeneza sabuni ajua chumvi ndiyo inayoifanya iwe nzito, ila ikipita kiasi inarudi kuwa nyepesi tena, na hapo ukizidi kuongeza wazidi kuharibu. Kwenye ndoo mwiko wafika kila mahali. Kwenye tangi chumvi yarundikana pale ilipomwagwa, pale ishapita kiasi na kule chini haijafika kabisa, na mtu akionja kwa macho pale juu adhani bado haijatosha, aongeza tena. Hapo wahitaji panga la kukorogea linalozungushwa na mota, lenye ukubwa na kasi iliyopigiwa hesabu, na muda mrefu zaidi wa kukoroga.

Mpishi wa pilau ya harusi hili alijua zamani, hachukui maji ya sufuria ya nyumbani akayazidisha kwa idadi ya wageni, manake sufuria kubwa halikauki kwa mwendo ule ule.

Sasa kuna watu wanaosomea jambo hili tu, na ndio hao kemikali injinia. Watu wengi wadhani ni mkemia aliyeongezewa cheo, koti jeupe na vichupa. Mkemia akwambia kitu gani kikichanganywa na gani chatoa nini. Injinia yeye aulizwa: haya, nataka tani mia kila siku, kwa bei ambayo mtu ataweza kununua, na asiungue mtu. Hayo ni maswali mengine kabisa, na kwa maoni yangu ni magumu zaidi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni mbolea. Mwaka 1909 Fritz Haber, profesa huko Ujerumani, alionyesha kwamba naitrojeni ya hewani yaweza kuunganishwa na haidrojeni ikawa amonia, ambayo ndiyo hutengenezewa mbolea. Kimtambo chake cha mezani kilitoa matone. Kampuni ya BASF ikampa Carl Bosch kazi ya kukifanya kiwanda, na akakutana na balaa ambalo mezani halikuonekana: kwa joto la kama digrii 500 na mgandamizo wa mara 200 ya hewa hii tunayovuta, haidrojeni ilikuwa yapenya kwenye chuma, yala kaboni iliyomo, na mabomba yapasuka. Dawa aliyopata Bosch mimi hunifurahisha kila nikiisoma. Ndani akaweka bomba la chuma laini ambacho hakina kaboni ya kuliwa, nje akaweka la chuma kigumu, na hilo la nje akalitoboa vitundu vidogo ili haidrojeni itakayopenya itoke zake isikae kuleta madhara. Kiwanda cha Oppau kilianza 1913. Haber alipata Nobeli ya 1918, Bosch ya 1931, na magunia ya mbolea ya naitrojeni yanayoshushwa hapa bandarini mpaka leo yatokana na kazi ya wawili hao, mmoja wa chuo na mmoja wa kiwanda.

Penisilini, ile dawa ya kuua bakteria, nayo ni hivyo hivyo. Alexander Fleming aliigundua 1928, lakini ile kuvu inayoitoa yahitaji hewa, kwa hivyo iliota juu juu tu kwenye chupa na sinia, na ukitaka dawa nyingi wahitaji chupa maelfu kwa maelfu. Margaret Hutchinson Rousseau, mwanamke wa kwanza Marekani kupata PhD ya fani hii ya kemikali injinia, alisanifu kiwanda cha matangi marefu ambamo hewa safi yapulizwa ndani na kukorogwa, kuvu ikaota tangi zima. Kiwanda hicho cha Pfizer kilianza Brooklyn mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia bado vyapiganwa.

Kwa kijana wa hapa Pwani njia iko hivi: wasoma miaka mitano, Chuo Kikuu cha Moi na cha Dedan Kimathi vinafundisha, wajiandikisha na Bodi ya Wahandisi kama mhitimu, kisha wafanya kazi miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuomba kuwa mhandisi kamili. Kazi zenyewe ni saruji Bamburi, ambako tanuru lapika kwa kama digrii 1,450, viwanda vya mafuta ya kula, bohari za mafuta, maji ya mji. Kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi pale Changamwe kilianza kazi 1963 na kikaacha kusafisha 2013, sasa ni matangi ya kuhifadhi, na kwangu mimi hasara kubwa ni kwamba wanafunzi walipoteza minara halisi ya kusafishia mafuta, ya kujifunzia.

Anayebaki chuoni afanya gramu chache na hesabu nyingi, apata muda wa kuuliza kwa nini. Anayekwenda kiwandani afanya shifti, usiku pampu ikizima ndiye aamshwaye, na muda wa kuuliza hana. Kati yao huwa kuna mtambo mdogo wa majaribio, wa lita mia au mia mbili, ambao waonyesha makosa kabla hayajawa ya mamilioni, na hata wewe wa sabuni unaweza kuwa nao: kabla ya tangi la 1,000 pika kwanza pipa la 200, weka kipimajoto, andika joto kila dakika tano, na chumvi iyeyushe kwenye maji kando kabla ya kuimwaga.