Maziwa hayachachi ndani ya titi

Mama anayenyonyesha na kuuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akirudi jioni huambiwa: umeshinda juani, kamua ya kwanza umwage, yameshachacha. Si kweli. Maziwa hutengenezwa muda wote na hukaa salama ndani ya titi; jua la Mwanza haliyaharibu. Kuyamwaga ni hasara tupu.

Kinachodhuru ni titi kujaa kutwa bila kukamuliwa, tena likiwa limebanwa na sidiria ndogo au kanga iliyokazwa kifuani. Maziwa hukwama, titi likawa gumu, likauma, hata homa ikapanda. Afadhali sidiria ya pamba isiyo na waya, inayofunguka mbele, isiyoacha alama mwilini ukiivua.

Yaliyokwisha kukamuliwa ndiyo yenye kuhesabiwa saa: chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi, yasikae zaidi ya muda wa saa 4; ndani ya friji, yasizidi siku 4.