Picha za Riefenstahl za Olimpiki ya 1936: tuzioneshe vipi?

Picha ya mrukaji wa majini kutoka Olimpiki ya Berlin ya 1936 humfanya mtu asimame aitazame. Kamera iko chini, mwili umenyooka hewani, nyuma yake ni mawingu tu. Bwawa halionekani, wala watazamaji, wala waamuzi. Kazi hiyo ya picha na filamu iliongozwa na Leni Riefenstahl (1902–2003), Mjerumani aliyetengeneza pia filamu za kukitukuza chama cha Nazi. Sisi tunaotunza picha za kale huulizwa kama zake zinafaa kutundikwa ukutani. Mimi nasema zitundikwe, ila zisiachwe peke yake bila maelezo.

Ufundi wake haupingiki. Mashimo yalichimbwa uwanjani ili kamera zimtazame mwanamichezo kutoka chini, na mpiga picha wake Hans Ertl akaunda kamera ya kufanyia kazi ndani ya maji. Fainali ya kuruka kwa upondo iliisha usiku, mwanga ukiwa hafifu, hivyo baadhi ya warukaji waliombwa kurudia miruko yao baadaye kwa ajili ya kamera. Yaani si kila unachokiona ni shindano lenyewe. Tena, picha nyingi za kitabu chake cha 1937 ni fremu za filamu au kazi ya vijana wake. Ukiuziwa nakala ya zamani ukaambiwa kaipiga mwenyewe, igeuze kwanza usome muhuri wa nyuma.

Baada ya vita alishikilia kuwa filamu yake ya Olimpiki ilikuwa kazi huru. Nyaraka zinamkanusha: fedha zilitoka serikalini, kupitia wizara ya propaganda ya Goebbels, na filamu ilizinduliwa tarehe 20 Aprili 1938, siku ya kuzaliwa kwa Hitler.

Wanaomtetea humtaja Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyetwaa dhahabu nne na kuruka mita 8.06, ambaye kamera zilimpa heshima yake. Ni kweli. Lakini wakati huohuo watawala walikuwa wameondoa mabango ya kuwatukana Wayahudi katika mitaa ya Berlin ili wageni waione Ujerumani yenye ukarimu, na picha nzuri za Owens ziliwafaa katika hilo.

Tarehe 16 Julai 1936, wiki mbili kabla ya ufunguzi, polisi waliwakamata Waroma na Wasinti (wale walioitwa Wajipsi) wapatao 600 wakawapeleka kambi ya Marzahn, pembezoni mwa jiji. Miaka michache baadaye Riefenstahl alipohitaji watu wa kujaza matukio ya filamu nyingine, walichukuliwa kutoka kambi za Maxglan na Marzahn, wakiwemo watoto. Wengi wao waliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Hili lisipoandikwa kando ya picha ya mrukaji, mtazamaji anakuwa amedanganywa, hata kama picha yenyewe haijaguswa.

Mwaka 2018 hazina yake ya picha na nyaraka ilikabidhiwa kwa taasisi ya umma ya urithi wa Prussia mjini Berlin, kwa hiyo sasa watafiti wanaweza kuipekua.

Ningepewa ukuta mmoja, kando ya picha hizo ningeweka ya Gretel Bergmann, mwanariadha wa Ujerumani. Juni 1936 aliruka juu mita 1.60, akaifikia rekodi ya Ujerumani. Alienguliwa kwenye timu kwa kuwa ni Myahudi. Dhahabu ya Berlin ilichukuliwa kwa mita 1.60.