Bima ya mbwa na paka: inalipa nini, na inamfaa nani

Mtu wa Mombasa ukimtajia bima, akili yake huenda moja kwa moja kwenye kioo cha matatu, kwa ile stika ambayo polisi wa trafiki huichungulia kabla hata hajamsalimu dereva. Anayefanya kazi Kilindini atakumbuka bima ya shehena. Neno lenyewe lilitufikia kwa njia ya bahari, na mpaka leo Mhindi husema bima vile vile tusemavyo sisi. Lakini mwambie kuna bima ya paka, uone atakavyocheka. Paka? Paka wa Kibokoni anakula vichwa vya samaki, analala barazani kwa watu, na akifa wapo wengine kumi wa kushika zamu yake.

Kicheko hicho kina hoja ndani yake, nami nitairudia mbele. Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe.

Bima ya mnyama wa nyumbani ni mkataba. Wewe unalipa ada kila mwezi au kila mwaka, na kampuni inaahidi kubeba sehemu ya gharama za matibabu mbwa au paka wako akiumia au akiugua. Si jambo la jana: Sweden ilikata bima ya kwanza ya mbwa mwaka 1924, na Marekani mwaka 1982 walianza na Lassie, yule mbwa mwigizaji wa televisheni. Kwetu Kenya, bima ya wanyama iliyovuma zaidi ni ya mifugo. Ile iliyoanza Marsabit mwaka 2010 hupima majani kwa setilaiti. Malisho yakikauka kupita kiasi kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila kuulizwa ng'ombe wake wangapi wamekufa. Ya mbwa na paka ni kinyume chake. Hapa kila kitu ni karatasi: risiti, ripoti ya daktari wa mifugo, kadi ya chanjo.

Zipo za ajali pekee, na zipo za ajali pamoja na maradhi. Halafu kuna nyongeza ya matunzo ya kawaida, yaani chanjo, dawa ya minyoo na kusafisha meno. Hiyo ya mwisho mimi siihesabu kuwa bima. Chanjo unajua itakuja kila mwaka na unajua bei yake. Kumpa mtu mwingine pesa zako ili akulipie jambo unalolijua ni kulipa bili yako kwa vipande na kumwachia chake juu.

Hesabu ilivyo

Kuna maneno matatu ambayo usipoyaelewa huwezi kulinganisha hati mbili. Ekses ni kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijagusa mfuko wake. Wenye magari wanalijua neno hili kwa uchungu. Asilimia ya fidia ni sehemu ya bili ambayo kampuni inarudisha, na katika nchi ambako bima hizi zimeenea mara nyingi huwa kati ya 70 na 90. Kikomo ni dari ya mwaka: ukishaigonga, kinachozidi ni chako.

Tuseme mbwa wako amegongwa na tuktuk Bamburi, mfupa wa paja umevunjika, bili imefika shilingi 60,000. Hati inasema ekses ni 5,000 na fidia ni asilimia 80. Ikiwa ekses inaondolewa kwanza, zinabaki 55,000, na utarudishiwa 44,000. Ikiwa asilimia inapigwa kwanza ndipo ekses ikatolewa, utarudishiwa 43,000. Bili ni ile ile, lakini mpangilio mmoja umekula elfu moja. Uliza wanafuata upi. Uliza pia kama ekses hukatwa mara moja kwa mwaka au kwa kila ugonjwa, maana hapo tofauti haitakuwa elfu moja tena.

Sasa jambo ambalo mawakala hulipita mbio. Angalia nimesema "utarudishiwa". Mgonjwa mwenye SHA, ile bima ya afya ya serikali, au kadi ya bima ya kazini hutibiwa, hospitali ikabaki kudaiana na mlipaji. Bima nyingi za wanyama haziendi hivyo. Unailipa kliniki kwanza, kwa M-Pesa au taslimu, unakusanya karatasi, unatuma dai, unangoja. Kwa hiyo saa nne ya usiku Jumamosi, mbwa mkubwa tumbo limemvimba na linataka upasuaji ndani ya saa chache, hati nzuri kabisa haikusaidii kitu kama simu yako ina shilingi mia tatu. Anayekata bima akidhani sasa hana haja ya akiba amekosea tangu mwanzo. Bima inamrudishia hali yake mtu aliyeweza kulipa, haimkopeshi asiyeweza.

Yasiyolipwa

Kurasa zinazoeleza yasiyolipwa ndizo za kusomwa kwanza, hata kabla ya bei.

Kubwa kuliko yote ni ugonjwa uliotangulia. Nitasema yangu. Mwaka juzi paka wangu, dume, alianza kuingia na kutoka kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, analia, hatoi kitu. Nikadhani amefunga choo, nikamtilia mafuta kwenye chakula. Kesho yake daktari alipomshika tumbo akaniambia kibofu kimejaa na kukaza kama limau bichi. Paka dume ana njia nyembamba ya mkojo. Ikiziba, sumu inarudi kwenye damu, na siku mbili tatu zinatosha kumuua. Aliwekewa mpira, akalazwa kliniki siku tatu. Bili ilizidi kodi yangu ya mwezi.

Ningekuwa na bima wakati ule, sehemu kubwa ningerudishiwa. Ningeikata wiki moja baadaye, matatizo ya mkojo yangeandikwa kuwa yametangulia na yangetolewa kwenye mkataba, ilhali maradhi hayo yana tabia ya kurudi. Ndiyo maana watu hukata bima mnyama akiwa mdogo na mzima, wakati ambapo hakuna anayeiwaza.

Kutangulia kwenyewe kuna mitego. Homa ya kupe ni mfano wetu wa Pwani. Joto na unyevu wa huku kupe hufurahia mwaka mzima, na moja ya maradhi wanayoambukiza, erlikia, linaweza kukaa kimya ndani ya mbwa kwa miezi, hata zaidi, kisha siku moja mbwa akaanza kutoka damu puani. Wewe utasema ameugua leo. Kampuni inaweza kusoma faili lake, ikakuta vipimo vya mwaka jana vinaonyesha chembe sahani, zile za kugandisha damu, zilikuwa chini, ikasema alikuwa nao tangu hapo. Na kuna lile la pande mbili: hati nyingi zinahesabu viungo vinavyolingana kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mbwa aliyewahi kukatika kano ya goti la kushoto kabla ya bima, goti la kulia nalo huwa limeshatolewa. Mwenye German Shepherd aulizie nyonga vivyo hivyo, kwa kuwa ni ugonjwa wa ukoo wao.

Kuna pia kipindi cha kungoja. Hati haianzi kufanya kazi siku unayolipa. Ajali husubiri siku chache, maradhi mara nyingi kama wiki mbili, na baadhi ya matatizo ya viungo miezi. Ni haki, vinginevyo kila mtu angekata bima akiwa njiani kwenda kliniki.

Halafu uzembe. Mbwa asiyechanjwa akipata parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara damu, usitarajie fidia. Hapa ndipo mkaazi wa Mombasa anapaswa kutulia na kufikiri, kwa sababu ukihesabu yanayowaua au kuwasumbua wanyama wa huku, mengi yana kinga ya bei nafuu ambayo bima haiilipi. Kupe wana dawa yao. Parvo ina chanjo. Minyoo ya moyo inayoletwa na mbu ina kidonge cha kila mwezi. Mabuu ya nzi wa maembe, wale wanaoingia ngozini mbwa anapolala kwenye mchanga, hutolewa kliniki kwa bei isiyofika hata ekses. Jike asiyefungwa uzazi anaweza kupata usaha kwenye mji wa mimba, na upasuaji huo wa dharura ni ghali kuliko ule wa kumfunga mapema. Mtu mwenye pesa kidogo za kuchagua, akiniuliza aanze na ada ya bima au aanze na haya, nitamwambia aanze na haya bila kusita.

Stika ya matatu

Tuirudie ile stika. Bima ya lazima ya magari, thadi pati, haimlindi dereva wala gari lake. Inamlinda yule aliyegongwa. Wenye mbwa wengi hawajiulizi swali hilo. Mbwa wa lango kule Nyali akimng'ata mtoto wa jirani au kijana aliyeleta maji, utalipia kidonda, na utalipia chanjo za kichaa cha mbwa, ambazo si sindano moja bali kadhaa kwa siku zilizopangwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona, na Kenya ina mpango uliozinduliwa mwaka 2014 wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Kwa hiyo hakuna mzazi atakayekubali kungoja aone. Mahakamani fidia inaweza kupita bei ya matibabu yoyote ya mbwa mwenyewe.

Bima ya nyumba, ile inayojumuisha jengo, vyombo na mfanyakazi wa ndani, mara nyingi ina kipengele cha dhima kwa watu wengine. Uliza kwa maandishi kama mbwa wako yumo. Kwa mwenye mbwa wa ulinzi, mimi ningeanza na hiyo kabla ya kufikiria mguu wa mbwa.

Basi inamfaa nani?

Watu wengi wanauliza, "Nitapata pesa zangu?" Kwa wastani, hapana. Kutokana na ada hizo hizo kampuni inalipa wafanyakazi, inalipa wakala, na inabakiza faida. Wateja wote kwa pamoja hawawezi kupata zaidi ya walichotoa. Swali lenye faida ni hili: ni bili ya kiasi gani ingekufanya umwambie daktari amchome sindano alale asiamke tena, si kwa sababu hatapona bali kwa sababu huna? Mwenye uwezo wa kutoa laki moja na asikose usingizi hahitaji bima. Anayepapasa kupata ada ya mwezi naye haimfai, maana akikosa kulipa mkataba unakatika, na akirudi yote ya katikati yamekuwa "yametangulia". Inamfaa wa katikati: mwenye sacco au kaka wa kumkopa kwa wiki kadhaa, lakini ambaye kampuni isipomrudishia, deni hilo lingemtia shimoni.

Kibubu ndicho mshindani wake. Weka 1,500 kila mwezi. Baada ya miaka mitatu una 54,000, karibu bili yote ya yule mbwa wa Bamburi, na asipougua pesa ni zako. Lakini tuktuk ikija mwezi wa nne, una 6,000. Hicho ndicho unachonunua kwenye bima, ile miaka ya mwanzo ambapo kibubu bado ni chepesi. Kadiri mnyama anavyozeeka mambo hugeuka: kibubu kinajaa, ada inapanda, na kampuni nyingi hazipokei mteja mpya aliyezeeka.

Wapo Waislamu wenye wasiwasi na bima ya kawaida kwa sababu ya riba na gharari, yaani shaka iliyozidi ndani ya mkataba. Takaful ni mlango mwingine: wachangiaji wanatia kwenye mfuko mmoja wa kusaidiana, na msimamizi hupata ujira wake. Kenya ina kampuni ya aina hiyo tangu 2011. Iwe hii au ile, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Kusimamia Bima.

Na yule paka wa barazani? Aliyecheka alikuwa na haki. Bima inataka mwenyewe, umri, kadi ya chanjo, pengine na chipu chini ya ngozi. Paka wa mtaa mzima hana hata kimoja. Ukiwa na pesa za kumtolea, changa na majirani afungwe uzazi na achanjwe. KSPCA, shirika la kutetea wanyama, ina tawi hapa Mombasa, anza kwa kuwauliza wao.

Paka wangu sasa ana miaka saba, mkojo umo kwenye faili lake, na hakuna hati itakayoufunika tena. Kila tarehe tano naweka 1,000 kwenye akaunti ya kufungwa ya M-Shwari. Dadangu ana mbwa wa miezi mitano ambaye hajawahi hata kupiga chafya, na huyo ndiye niliyemwambia aanze kuulizia bei wiki hii.