Je, wajua kwanini nyua za nyumba za zamani Marekani zinatoa sarafu za silva mpaka leo?

Kuna watu Marekani kila wikendi wanabisha hodi kwenye nyumba za watu wasiowajua kabisa, nyumba za mwaka 1900 na kitu, 1920 huko, na wanaomba jambo moja tu, waruhusiwe kupita na detekta, ile mashine ya kutafutia metali zilizo ardhini, kwenye majani ya mbele ya nyumba. Wakiruhusiwa, mara nyingi hawatoki mikono mitupu, utakuta katoa senti 10 ya mwaka 1919, robo dola ya 1941, zote silva na nyeupe utadhani zimedondoka juzi. Sasa unajiuliza, nani alizika hela pale? Karibu zote hakuna aliyezika. Zilidondoka tu, ardhi ikazimeza, na kwa tabia ya silva yenyewe zikakaa humo salama mpaka mashine ilipokuja kuzisikia.

Kwanza ujue kwamba chenji yenyewe ndo ilikuwa silva. Mpaka 1964 senti 10, senti 25 na nusu dola ya Marekani zilitengenezwa kwa silva asilimia 90, na ile 10 iliyobaki ni shaba ya kuipa ugumu. Senti 10 ilikuwa gramu 2.5, robo dola gramu 6.25, nusu dola 12.5, yaani ukiangalia hesabu utaona thamani inaenda na uzito wa madini moja kwa moja. Na hizi hazikuwa hela za matajiri, ni za mtoto aliyetumwa dukani, za muuza maziwa, za mama anayelipia barafu mlangoni. Baadae silva ikawa haitoshi na bei inapanda, Rais Lyndon Johnson akasaini sheria Julai 1965 ya kuitoa kwenye senti 10 na senti 25, nusu dola ikashushwa hadi asilimia 40 mpaka 1970 halafu nayo ikaisha. Wananchi walivyoelewa kinachoendelea wakaanza kuzichambua zile za zamani na kuziweka ndani, kwa hiyo baada ya miaka michache zikapotea mitaani. Ndo maana mtafutaji anaulizia umri wa nyumba kabla ya kitu kingine chochote: nyumba iliyojengwa 1985 kwenye shamba tupu haina cha maana cha kumpa.

Halafu fikiria maisha ya uani zamani hizo. Watu walikaa nje jioni kwa sababu ndani kuna joto, watoto wanapinduka kwenye majani, wageni wanakaa kwenye ngazi za baraza. Sehemu inayopendwa kuliko zote ni pale palipokuwa na kamba ya kuanikia nguo, maana suruali inaanikwa miguu juu na mfuko unaangalia chini, kilichosahaulika ndani kinaanguka. Ukiona nguzo mbili za chuma zimebaki zenyewe uani, hapo pita polepole sana. Sehemu nyingine ni chini ya mti mkubwa, njia ya kutoka getini hadi mlangoni, na kile kipande cha majani kati ya barabara na njia ya miguu ambapo watu walikuwa wanashukia kwenye gari na kutafuta chenji. Senti 10 ina upana wa milimita 17.9 tu, ikidondoka kwenye majani marefu jioni huioni, na ukipiga hesabu ya familia nne tano zilizopita kwenye nyumba moja kwa miaka 60, sarafu kumi kupotea sio ajabu hata kidogo.

Waliozika kweli nao walikuwepo, tusikatae. Kati ya 1930 na 1933 mabenki ya Marekani yalianguka kwa maelfu, na Machi 1933 Rais Franklin Roosevelt akayafunga yote kwa siku kadhaa, kwa hiyo walikuwepo waliotia hela kwenye chupa na kuzifukia karibu na nguzo ya uzio. Lakini mtu akikwambia anatafuta chupa za namna hiyo tu atachoka mapema, kinachopatikana kila wiki ni moja moja.

Sasa sarafu ilishukaje chini sentimita 15 wakati ilidondoka juu? Hapa wa kushukuriwa ni nyungunyungu. Wanakula udongo chini, wanakuja kuutoa juu kama kinyesi, usiku kwa usiku, mwaka kwa mwaka, na kitu kilichokaa juu kinaanza kufunikwa huku chini yake vitundu vinabomoka. Charles Darwin alilifuatilia hili kwa miaka mingi nyumbani kwake Uingereza akalitolea kitabu kizima mwaka 1881. Ongeza majani yanayooza kila mwaka, na kule kaskazini baridi inayogandisha ardhi na kuiachia tena. Sarafu inashuka mpaka ikutane na udongo mgumu, hapo inatulia.

Na kwanini haiozi? Silva haina haraka ya kuungana na oksijeni wala maji kama chuma kinavyofanya, adui yake mkubwa ni salfa, ambayo inaipaka weusi juu juu. Shimo hilohilo moja utatoa senti moja ya shaba imekuwa kijani na uso umelika, senti 5 ya nikeli imekuwa nyekundu kama tofali, halafu senti 10 ya silva ukingo wake mweupe unawaka kwenye udongo. Wenye kazi hii wanaitambua kabla hata hawajaigusa. Senti 10 wanayoipenda zaidi ni ya 1916 hadi 1945, yenye kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia yenye mbawa, na ikiwa ni ya 1916 yenye herufi D ya kiwanda cha Denver basi mtu anaweza akalia kabisa, zilitengenezwa 264,000 tu.

Tuje kwenye mashine, na hapa ndo mimi napapenda. Lile sahani la chini lina koili za waya. Koili moja inapitishiwa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, ule umeme unatengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini na kutoka. Uga ukiipitia sarafu, ndani ya ile sarafu yenyewe vinazaliwa vijimkondo vya umeme vinavyozunguka kama maji kwenye karai, na hivyo vijimkondo vinatoa uga wao mdogo ambao koili ya pili inausikia. Kwa hiyo mashine haioni silva, inasikia sarafu ikijibu. Na kila metali inajibu kwa kuchelewa kwake. Silva ndo metali inayopitisha umeme vizuri kuliko zote duniani, shaba ya pili, dhahabu ya tatu, hivyo mikondo ndani yake inachukua muda kufa na jibu linachelewa sana. Karatasi ya aluminiamu au pete nyembamba ya dhahabu mikondo inakufa upesi. Chuma yeye anavutwa na sumaku papo hapo, jibu lake linakaa upande mwingine kabisa. Mashine inapima ule ucheleweshaji tu, inaugeuza kuwa namba na mlio: kwenye mashine nyingi zenye kipimo cha 0 hadi 99 chuma kinanguruma chini kabisa, vifungulio vya makopo ya soda viko katikati, na silva inaimba juu huko kwenye 80 na kitu.

Ila haina uhakika wa moja kwa moja. Senti 10 na 25 za siku hizi zina shaba nyingi ndani kwa hiyo zinajibu karibu sawa na silva, na bati la chuma lililopinda lenye kutu linaweza kudanganya likaimba juu vilevile. Ndo maana utaona mtu anazunguka, anapitisha koili kwa upande mwingine, kama ni msumari mara nyingi ule mlio mzuri unakatika, kama ni sarafu unabaki. Na misumari ndo shida kubwa ya nyua za zamani, msumari mmoja ukikaa jirani unafunika sauti ya sarafu, hivyo uwanja ambao watu wameshaupitia mara nyingi bado unatoa silva kwa mwenye koili ndogo na subira ya kwenda polepole.

Tena teknolojia hii sio ya juzi. Mwaka huohuo wa 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi tarehe 2 Julai, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaja na kifaa cha aina hii kuitafuta risasi mwilini. Hakuipata, kitanda chenyewe kilikuwa na springi za chuma, na rais akafariki Septemba.

Kuhusu kina nataka tuelewane vizuri, kwa sababu huku kwetu watu wanaliwa hela. Jibu la sarafu linadhoofika vibaya mno kadiri inavyokuwa mbali: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachorudi kinapungua karibu mara 64. Koili ya kawaida inaisikia sarafu moja kwenye sentimita 20, ikijitahidi sana 30. Sasa Tanzania kuna stori zisizoisha za mali alizozika Mjerumani, na wapo wanaozunguka na vifimbo vyenye antena wanasema vinasoma dhahabu au rupia, sarafu za enzi za Mjerumani, ukiwa mbali huko, lipia kwanza upimiwe. Hakuna koili ya kushika mkononi inayofanya hivyo kwa sarafu. Usitoe hela yako.

Kilichopo kweli ni vile vile vidogo vidogo. Rupia ya Mjerumani ilikuwa gramu 11.66 za silva karibu asilimia 92. Shilingi ya Afrika Mashariki kuanzia 1921 mpaka miaka ya 40, ile yenye simba na milima, ilikuwa na silva asilimia 25. Zilidondoka uani kwa bibi zako kama zilivyodondoka kule. Lakini sheria zetu hazifanani na za Marekani ambako ruhusa ya mwenye uwanja binafsi kwa kawaida inatosha: Tanzania Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya kuna ya makumbusho na urithi ya 2006, kuchimba vya kale kunahitaji kibali. Na kuna sababu. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walikuta zaidi ya sarafu 2,000 za silva, ndogo sana, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa hapahapa pwani wa karibu miaka elfu iliyopita. Kwa sababu zilikutwa mahali pake, pamoja na dhahabu iliyokuwa nazo, umri wake uliweza kujulikana. Kwa hiyo ukiwa unalima ukakuta sarafu moja, isafishe kwa maji tu, usiisugue na majivu wala dawa ya meno, inakwaruzika na thamani inashuka. Ukikuta nyingi mahali pamoja, acha jembe hapohapo, piga picha, kawaite watu wa mambo ya kale kabla hujagusa ya pili.