Nyota Haisukumi Posti

Mzee aliyenifundisha baiolojia sekondari, sasa mstaafu, alinipigia simu juzi saa mbili usiku. Miezi miwili nyuma nilimfungulia akaunti ya Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi posti) zinazowasiliana, na ambako laiki ni nyota. Seva yetu ni ndogo, naisimamia mimi. Hata shikamoo yangu hakuingoja.

"Kijana, huu mtandao wako mbona umekufa? Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kumvizia kulasitara kule mashamba ya chumvi ya Kunduchi. Picha safi kabisa. Nyota sita! Komenti hakuna hata moja. Facebook ningeshafika sabini."

Nikafungua posti yake. Picha kweli safi: ndege mweusi, mguu mmoja juu, maji yametulia kama kioo. Chini yake maneno mawili tu, "Kunduchi leo." Hashitegi, yaani neno lenye alama ya # mbele, hamna. Na saa: saa nane usiku.

"Mwalimu, saa nane usiku ulikuwa macho?"

"Bando la usiku ndiyo la bei nafuu. Picha hizi nzito."

Nimefanya kazi na seva za watu miaka mingi, na malalamiko haya nayasikia kwa kila anayehama kutoka mitandao mikubwa. Anakuja na mazoea ya kule, na kwa mazoea yale ana haki ya kushangaa. Tangu Facebook ilete kitufe cha laiki mwaka 2009, na hasa baada ya Twitter na Instagram kuanza kupanga posti kwa algoriti mwaka 2016, vidole vyetu vimezoea jambo moja: ukigonga moyo au dole gumba, unaipigia kura posti mbele ya mashine, na mashine inaamua impelekee nani mwingine. Mwandishi anapata kusambazwa bila msomaji kufungua mdomo.

Kwenye Mastodon, mtandao ambao Mjerumani Eugen Rochko aliutoa hadharani Oktoba 2016, ukurasa wako wa nyumbani unapangwa kwa saa tu. Ya mwisho kuandikwa ndiyo ya juu, kama group la ukoo la WhatsApp lililogeuzwa miguu juu kichwa chini. Kwenye group la ukoo hakuna anayelalamika kwamba ujumbe wake "haukupewa nafasi". Uliandika watu wamelala, asubuhi shangazi akashusha salamu arobaini na picha za maua, basi umefunikwa.

Sasa nyota. Ukiigonga, mwandishi anapata arifa kwamba fulani kaipenda posti yako, na safari yake inaishia hapo. Upo ukurasa wa yanayovuma ambako nyota zinahesabiwa, lakini kwenye seva ya watu wachache kama yetu ukurasa huo ni kama ubao wa matangazo wa ofisi iliyohama. Kinachoitembeza posti ni busti. Ukibusti, inaingia kwenye kurasa za nyumbani za wote wanaokufuata wewe. Wale sita waliompa Mwalimu nyota walimpigia makofi chumbani mlango umefungwa. Yeye mwenyewe nilipomuuliza huwa anafanyaje akipenda kitu cha mtu, akasema, "Nagonga nyota, napita." Nikanyamaza, akacheka mwenyewe.

Komenti nazo zina tabia yake. Jibu lako kwa mtu halimfikii kila anayekufuata. Linaonekana kwenye ukurasa wa nyumbani wa yule tu anayewafuata nyote wawili. Mimi hupenda hivyo, mazungumzo yanabaki mazungumzo. Lakini ukitaka watu wako nao waingie kwenye mjadala, busti kwanza posti yenyewe, ndipo ujibu. Na tafadhali, "Safi sana" haimpi mtu pa kuanzia. Muulize lenzi gani, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.

Kukosa hashitegi ndiko kulikomponza zaidi. Tangu toleo la 4.0 la Novemba 2022 mtu anaweza kuifuata hashitegi kama anavyomfuata mtu, na posti zenye alama hiyo zikamjia nyumbani. Kutafuta kwa maneno ya kawaida kuliletwa na toleo la 4.2, Septemba 2023, lakini kunagusa posti za waliokubali kutafutwa tu, tena kama seva imewekewa uwezo huo. Asiyekufuata atakupataje basi? Weka hashitegi mbili tatu, na kila neno lianze kwa herufi kubwa: #NdegeWaTanzania. Ukiandika #ndegewatanzania, programu inayomsomea asiyeona inakoroga uji mmoja. Picha nayo iandikie maelezo ya kinachoonekana, asomewe huyo asiyeona. Wapo watu huku hawabusti picha isiyo na maelezo, hata iwe nzuri vipi, na sioni wakikosea.

Kuhusu bando nilimpa njia ya mjini: pakia usiku kwa bei yako, halafu saa tatu usiku ya siku inayofuata ujibusti mwenyewe. Inaruhusiwa, wala si kujipendekeza. Saa hiyo hapa watu wamekula, Ulaya wametoka kazini, na Toronto ni saa saba au saa nane mchana.

Jambo moja linalowachanganya hata mafundi wenzangu: hesabu hazifanani. Posti ya Mwalimu kwetu ina nyota sita. Niliifungua kutoka seva ya Ujerumani nikakuta moja. Hakuna aliyeiba. Nyota inatumwa kwa seva ya mwandishi, na seva nyingine mara nyingi zinajua zile tu zilizopita kwao. Majibu nayo huweza kuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla hujamrekebisha mtu, fungua posti kwenye ukurasa wake wa asili, usije ukawa wa tisa kumwambia kitu kimoja.

Sitaficha kwamba ni kazi. Algoriti ilikuwa inakuchambulia mchele. Hapa ukimfuata mtu anayeandika mara hamsini kwa siku, ukurasa wote ni wake. Wa namna hiyo huwa nazima busti zake na kubakiza maneno yake, na watu kama thelathini nisiotaka wanipite nimewaweka kwenye orodha yao. Hiyo orodha naisoma kwenye daladala asubuhi, na kabla ya kufika Ubungo huwa nimeshafika pale nilipoishia jana.

Mwalimu aliiweka picha upya, saa tatu usiku, na hashitegi tatu, moja ya Kiingereza. Nyota zilikuwa nne, pungufu ya mara ya kwanza. Komenti kumi na moja. Mholanzi mmoja anayefuata hashitegi ya ndege alimwambia kwa adabu kwamba yule si kulasitara, ni yangeyange wa pwani, wa ile aina ambayo wengine huwa weusi na wengine weupe.

Simu ikaita. "Kijana, huyu Mholanzi anataka kunifundisha mimi ndege wa Kunduchi?"

Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye mashamba ya chumvi na kamera.